Feni Inayogeuza Kichwa

Jumatatu, 3 Machi

Hili ni daftari la karakana. Kurasa za mbele zina mwandiko wa Baba: jina la kifaa, ugonjwa wake, siku ya kuchukuliwa. Mimi nimeanzia nyuma. Mama Irabu ndiye aliyenituma — muuguzi anayekuja kila Jumanne kumfundisha Baba kusema upya. Tumempa jina hilo kwa sababu anaanza na a-e-i-o-u kama mwalimu wa chekechea. Kaniambia niandike lolote, hata kama ni bei ya vitunguu, maana uso wangu umekauka. Haya, naandika.

Baba: miezi minane tangu kiharusi. Upande wa kulia umelala. Anasikia, anaelewa, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kusema — hakuna. Hata kuguna.

Mimi: mzima. Sina huzuni, sina furaha. Ni kama mkono uliolaliwa, unaushika na huhisi ni wako.

Leo kaja mwanamke mwenye viatu vyeupe, akavivusha kwenye mafuta ya sakafu bila kuangalia chini. Msanii. Kasikia kwamba fundi wa hapa alikuwa anazungumza na vitu. Ni kweli. Baba hakuwahi kufungua pasi bila kuiuliza inaumwa wapi. Mteja akija kuchukua birika lake, Baba anamwambia: huyu analalamika, mnamchemshia maji ya chumvi kisha hata hamuoshi. Watu wanacheka, wanakwenda nyumbani, wanaliosha. Nusu ya wateja wetu walikuja kusikiliza, na kifaa kibovu kilikuwa kisingizio tu.

Msanii anaandaa maonyesho. Vyombo vya nyumbani vinavyoamka. Anasema hadithi za zamani zimejaa vyungu vinavyosema na vinu vinavyotembea, na leo simu zetu zinatujibu, kwa hiyo tumezunguka tumerudi pale pale. Nikamuuliza anataka vitembee kwa mota ya ukubwa gani. Akacheka sana. Sikuwa natania.

Nimekubali. Kazi ni kazi.

Jumatano, 5 Machi

Tumechagua vitu. Vyote vimetoka kwenye rafu ya mayatima — ndivyo Baba alivyoita vifaa ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Birika la umeme lenye mkono ulioyeyuka. Mwavuli mweusi wa kiume. Cherehani isiyo na gurudumu. Saa ya ukutani inayokwenda kinyume. Na feni ya kusimama, mapanga ya buluu, wavu wa mbele umepotea kipande.

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na mlango. Nilipoinua feni akanyanyua mkono wa kushoto. Nikamuuliza: ni meno ya shingo? Yamelika? Kisha nikasubiri. Hiyo ndiyo amri ya Mama Irabu: uliza jambo moja, halafu hesabu hadi thelathini kimoyomoyo, umwachie alitafute neno. Usimjazie. Nilifika kumi na mbili, mteja akaingia na jiko la umeme kichwani.

Mama Irabu amesema wazi, mbele yetu sote: mwaka wa kwanza ndio mlango. Ukifunga, umefunga. Kila asubuhi mtu mmoja akae naye nusu saa, aulize na asubiri. Mtu asiyesubiriwa huacha kujaribu. Kazi hiyo ni ya Mama. Baada ya chai wanakaa uani, magoti yanagusana. Mama anamuuliza ameota nini. Anasubiri. Halafu anaingia jikoni kuosha vikombe ambavyo tayari ni visafi.

Jumamosi, 15 Machi

Feni imepata masikio. Maikrofoni mbili, moja kila upande wa shingo. Sauti ikitoka kushoto, kichwa kinakwenda kushoto. Meno nimebadilisha. Nilisema "haya" na ikanigeukia, polepole, ikanipulizia usoni. Nimeandika kwenye karatasi ya kazi: inafanya kazi.

Msanii alipiga makofi. Anataka iseme. Si kwa sauti ya mtangazaji — kwa sauti ya msimulizi. Kumbe keshasikia moja ya voisi za Baba! Mwalimu mstaafu mmoja, mteja wa pasi, bado anaitunza kwenye simu. Baba hakuwa na subira ya kuandika kwa kidole, kwa hiyo kila mteja alipata voisi ya dakika tatu: kifaa chako kiko hivi na hivi, na hadithi juu yake. Hiyo ya mwalimu ni ile ya vyombo. Zamani vyombo vyote vilikuwa vinasema. Chungu kinalalamika, mwiko unasengenya, ungo unadai heshima yake. Watu wakachoka kujibu. Wakaanza kupita kimya. Vyombo navyo vikanyamaza — si kwa kufa, kwa kususa.

Msanii ana mtaalamu wake wa kompyuta, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na miwani miwili, mmoja machoni mmoja kichwani. Miwani, ndivyo ninavyomwita, anasema akipata saa mbili za sauti safi ya Baba, kompyuta itaweza kusema chochote kwa sauti hiyo. Hata kujibu watu. Nikauliza maneno ya nani. Akasema, ya kompyuta, lakini itajifunza anavyopenda kusema.

Kaka, ambaye ndiye mkubwa wetu, anasema ni heshima. Bora sauti ya Baba ipate kibarua kuliko kukaa bure. Mama alisema mwenye sauti yupo, aulizwe yeye. Nikamuuliza. Nilihesabu thelathini kamili, sikudanganya. Kwenye ishirini na mbili midomo ilisogea, au alimeza mate. Kisha akaitazama feni.

Nimeichukulia kuwa ndiyo.

Jumanne, 25 Machi

Nimekusanya voisi kwa wateja arobaini na tatu. Kila mmoja alitaka kunisimulia kwanza. Mwenye saluni alilia. Nilimshika bega, nikamwomba aitume kama faili, isipungue ubora.

Nyingi hazifai. Jirani wetu wa upande wa kushoto anachomelea mageti, mashine yake inakata kila sentensi ya Baba katikati. Upande wa kulia kuna wauza kuku. Baba anapiga kelele kuwashinda wote. Siku nzima nimevaa spika za masikioni, Baba anacheka kichwani mwangu — na mimi, hakuna kitu. Nilijaribu hata kujilazimisha. Nikapiga miayo.

Nazipanga kifundi: mbovu, nafuu, safi. Siangalii maneno, natazama mawimbi kwenye skrini. Yakiwa na manyoya, natupa.

Mama alinipa simu yake, chaja imezungushiwa juu. Za kwake zote ni safi. Hazina mngurumo hata kidogo! Saa moja na dakika hamsini. Nimempelekea Miwani zote kama zilivyo.

Alhamisi, 10 Aprili

Miwani kaiwasha leo. Feni iligeuka huku na huko, kama mtu aliyeamshwa, ikamkuta msanii. Neno la kwanza lilikuwa "jirani".

Msanii akauliza kwa nini jirani. Nikamweleza: Baba anamwita Mama hivyo. Kabla ya kuoana waliishi ukuta kwa ukuta. Miaka arobaini na moja sasa, hajabadilisha.

Nilikuwa bado naeleza nikaelewa nilichokifanya.

Sauti iliyomo kwenye feni si ya Baba wa wateja. Yule anapiga kelele na kutania. Huyu anasema chini, taratibu, anavuta pumzi kati ya maneno. Nilirudi karakana nikazisikiliza za Mama, maneno sasa. Alikuwa anaingia stoo na kufunga mlango. Unasikia bawaba. Anakaa katikati ya makasha, ambako mashine ya mchomelea mageti haifiki, na ndiyo maana mawimbi hayana manyoya. Jirani, umekula? Usinidanganye, chai si chakula. Jirani, goti limekuachia? Jirani, leo kaja mtu na redio kama ile yako, nikamfanyia haraka kwa ajili yako, na yeye hajui kwa nini. Kuna moja sikuimaliza. Mtoto hatakiwi kuimaliza.

Nilimwambia msanii tutoe. Alikaa chini, viatu vyeupe na vyote, akasema hajawahi kusikia kitu kizuri namna hii na hakuna atakayejua. Miwani akasema kutoa maana yake ni kuanza upya, na zilizobaki ni za kuku na mageti. Ufunguzi ni baada ya wiki tatu.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikwenda kurekebisha mwavuli, unakwama unapofunguka.

Mama sijamwambia.

Jumapili, 13 Aprili

Nilitaka kumwambia wakati tunakunja nguo. Akaniuliza kama soksi hii ina mwenzake. Nikatafuta mwenzake.

Ijumaa, 2 Mei

Ufunguzi. Watu wengi kuliko nilivyotegemea, na nusu wamevaa nyeusi. Mwavuli ulifunguka kila mtu alipopita chini yake na wengine waliomba radhi. Birika liliguna. Cherehani ilishona hewa. Saa ilirudi nyuma. Vyote sawa, nilizunguka na bisibisi mfukoni bila kuitumia.

Lakini foleni ilikuwa ya feni. Jirani, umekula? — mheshimiwa mmoja mwenye suti akajibu "bado" kwa sauti ndogo, watu wakacheka, yeye akabaki amesimama pale.

Mama alifika na Kaka. Baba tulimwacha nyumbani na shangazi. Mama alivaa kitenge chake cha kutokea, akasimama mwisho wa foleni kama mtu mwingine yeyote, hakutaka kupitishwa mbele. Nilimwona anafika. Nilikuwa hatua sita tu. Ningeweza kwenda.

Feni ikamgeukia. "Jirani," ikasema. "Umechelewa."

Mama aliweka kiganja kwenye wavu. Hakushtuka. Alijibu vile vile anavyojibu mlangoni nyumbani, kwamba alikuwa anatafuta viatu. Nayo ikamwambia viatu viko chini ya kitanda, siku zote viko chini ya kitanda, na siku zote unaanzia kabatini.

Mama alicheka. Kicheko kile cha puani. Miezi kumi sijakisikia.

Nilitoka nje kuangalia fyuzi. Fyuzi haikuwa na tatizo. Niliogopa. Naandika hilo wazi kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu mwaka jana, na kimekuja bila kukiita.

Jumanne, 6 Mei

Mama ametoka saa mbili asubuhi. Sokoni, alisema. Amerudi saa saba bila kikapu.

Mlinzi wa ukumbini kaniambia, kwa furaha yake: mama yako ni mtu wa mapema, siku ya tatu hii, namwekea kiti. Anaongea naye wee, mpaka wageni wanasimama kusikiliza wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mchana kaja Mama Irabu. Alimfanyisha Baba "a". Alimwekea kioo, akamwonyesha mdomo, akasubiri. Kuna pumzi ilitoka, alisema, na pumzi ni mwanzo mzuri. Akauliza asubuhi nani anakaa naye. Baba akanitazama.

Nikasema, Mama.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimekaa naye mimi. Kiti cha Mama ni kifupi, magoti yangu hayafiki. Nilimuuliza ameota nini. Ifikapo kumi na tano naanza kufikiria nyaya. Alifumba macho. Sijui kama alikuwa anatafuta neno au ananipa ruhusa ya kuondoka.

Jumatatu, 12 Mei

Nimesema na Mama. Jikoni, anachambua mchele, mimi nimesimama.

Nilimwambia ile ni mashine. Kwamba shingo nimeitengeneza mimi, meno ya plastiki, naweza kumwonyesha. Kwamba maneno yanakisiwa kutoka kwenye voisi zake mwenyewe, na kosa ni langu, nilichagua kwa usafi bila kusikiliza. Nilimwomba radhi. Nilisema yote niliyoyapanga, kwa mpangilio.

Hakukasirika. Alisema anajua ni mashine, yeye si mtoto. Anajua mume wake yuko wapi. Ndiye anayemwogesha, ndiye anayemkata kucha. Aliokota jiwe akaliweka pembeni. Halafu akasema:

"Wa nyumbani nampenda. Huyu ananijibu."

Nikamwambia wa nyumbani naye anajaribu. Kwamba Mama Irabu kasema asubuhi zile ndizo dawa. Akaniuliza kama najua maana ya kumuuliza mtu jambo moja moja kwa miezi kumi, huku unamtazama machoni, na yeye anajua na wewe unajua. Akasema kila asubuhi anaamka amechoka kabla hajaweka mguu chini. Pale ukumbini hachoki.

Nilimsaidia mchele.

Kaka anasema nimwache. Mama anakula, analala, juzi alimtania hata mke wa Kaka. Acha mama apumue, bwana, wewe ukiona mtu anacheka unatafuta bisibisi. Nilimpigia msanii. Ni mpole kwenye simu. Maonyesho yanaisha mwisho wa mwezi, na feni ndiyo moyo wake, anaomba tuvumilie. Halafu kaniambia kuna ukumbi mwingine, mji mwingine, unaitaka.

Kulivunja jino moja la shingo. Dakika moja, na hakuna atakayeniuliza. Vitu vya zamani huharibika. Nimewaza hivyo siku nne sasa. Sijafanya.

Jumamosi, 17 Mei

Kaka kaja kumsalimia Baba. Alimletea zawadi, alisema. Nilikuwa nachuja chai, nikasikia kutoka sebuleni: Jirani, umekula?

Alikuwa ameirekodi siku moja kwa simu yake. Feni, na mgongo wa Mama, na kicheko chake. Kaka ameshika simu mbele ya uso wa Baba, anatabasamu masikio kwa masikio. Mzee, umekuwa maarufu! Sikuwahi kumwambia Kaka asimwonyeshe. Sikuwaza kwamba kuna wa kuambiwa.

Baba aliangalia mpaka mwisho. Kisha akagusa skrini kwa kidole cha kushoto, irudiwe. Mara tatu. Mara ya tatu hakutazama, alisikiliza tu. Halafu akageuza uso ukutani.

Kaka akasema amechoka, apumzike. Mama alikuwa hajarudi.

Jumanne, 20 Mei

Hakufungua mdomo. Mama Irabu aliweka kioo, Baba akakitazama, akabana midomo. Si kwamba ameshindwa. Amekataa. Hata chakula amekula nusu.

Nilimsindikiza muuguzi getini nikamwambia kila kitu, tangu voisi. Nilidhani atanigombeza. Aliuliza tu kama mashine ile inasubiri mtu amalize kusema. Nikasema ndiyo, nimeiwekea sekunde mbili. Akatikisa kichwa. Kasema ameona wengi, na mgonjwa akiacha wakati huu mara nyingi huwa ameacha. Ana wiki mbili za kumjaribu, baada ya hapo wanampa mgonjwa mwingine nafasi yake.

Mama nilimwambia jioni, neno kwa neno. Alilia kidogo, akamfunika Baba miguu. Alisema kesho atakaa naye.

Jumatano, 21 Mei

Alikaa naye. Dakika kumi, nilihesabu kutoka dirishani. Alimuuliza kuhusu ndoto. Baba alikuwa anatazama juu ya bega lake. Mama akachukua mkoba wake.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika nikiwa ukumbini, kwenye benchi. Daftari ninalo kwa sababu leo ni siku ya ukaguzi wa vifaa.

Asubuhi Mama alipotoka, Baba alianza kuvaa shati. Mwenyewe. Mkono mmoja, vifungo viwili. Akaonyesha mlango. Nikamuuliza hospitali? Hapana. Karakana? Hapana. Nilijua, nikaendelea kuuliza sehemu nyingine, mpaka akapiga mkono wa kiti. Teksi ilituleta.

Hakuna wageni bado. Mlinzi alitufungulia, akamwamkia Baba kwa heshima na kukaa pembeni. Mama yuko pale mwisho, kwenye kiti chake, mgongo kwetu. Feni imemgeukia. Anaisimulia bomba la jikoni linavyovuja, na inamwambia asiliguse, atalishughulikia yeye Jumamosi.

Nilimsukuma Baba mpaka hatua nne hivi. Nikasimama. Nilipaswa kusema, Mama, tumekuja. Tulikaa hivyo, sisi wawili, tunamsikiliza Baba akiahidi kutengeneza bomba.

Halafu akasema. Baba — huyu. Haikuwa pumzi. Ilikuwa sauti, imekwaruza, ina mwanzo na haina mwisho. "Ji—" Shingo yote ilitetemeka kwa kuisukuma. Miezi kumi! Ilikuwa ndogo mno kwa maikrofoni, feni haikugeuka. Lakini Mama alisikia kitu, niliona bega lake likisogea.

Hakutazama nyuma. Aliinua mkono, ule wa kumtuliza mtoto anayeingilia mazungumzo ya wakubwa.

"Subiri kidogo," alisema. "Nasikiliza."

Hiyo ni dakika tano zilizopita. Nimekuja hapa kwenye benchi na daftari. Nina maumivu kifuani, ya kweli. Mama bado anaongea. Sasa ni juu ya mke wa Kaka.

Baba ameshika gurudumu la kushoto. Anasukuma. Kwa mkono mmoja kiti hakiendi mbele wala nyuma, kinazunguka tu palepale. Amemwona Mama, ameona ukuta, ameona mlango, amemwona tena Mama. Sasa kiti kimesimama, ananielekea mimi. Anataka nimsukume. Nimemuuliza kwa macho: upande gani? Ananitazama, midomo imeanza kusogea, na mimi naweka kalamu chini, naanza kuhesabu: moja.